Fariba aliyeitwa Siamak: kisa cha Jasmin Tabatabai na majina ya wahusika wake

Ndege imepaa kutoka Tehran. Inapotoka kwenye anga ya Iran, abiria wanawake wanaanza kuvua mitandio. Mmoja wao ni Fariba Tabrizi, mfasiri, anayekimbia kwa sababu alimpenda mwanamke mwenzake na siri imejulikana. Hivyo ndivyo inavyoanza Fremde Haut, filamu ya Kijerumani ya mwaka 2005. Jina lake laweza kufasiriwa "ngozi ngeni", au tuseme ngozi ya mtu mwingine. Aliyecheza Fariba ni Jasmin Tabatabai, mwigizaji na mwimbaji wa Ujerumani aliyezaliwa Iran.

Nimeirudia filamu hii mara nyingi. Kila nikiirudia naona kuwa ndiyo mlango mzuri zaidi wa kuingilia katika kazi yote ya mwanamke huyu, kuliko kuhesabu tuzo au kupanga orodha ya filamu zake. Swali ninalotaka kulifuata hapa ni moja: mwigizaji mwenye jina la Kiajemi, katika nchi ya majina ya Kijerumani, hupewa majina gani ya kuigiza, na kwa mpangilio upi? Naamini mpangilio ndio ulioamua mengi.

Tuanze na jina lake mwenyewe.

Tabatabai alizaliwa Tehran tarehe 8 Juni 1967, baba Mwirani, mama Mjerumani. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja atalielewa jina hilo haraka nikimwambia kwamba ni jina la masharifu. Akina Tabatabai ni ukoo unaojinasibisha na Hassan bin Ali, mjukuu wa Mtume, kupitia kwa Ibrahim Tabataba. Mtu akilitaja Tehran, waliopo wanajua anatoka wapi hata kabla hajakaa. Basi huyo ndiye aliyezaliwa: binti wa jina zito upande wa baba, mwenye mama aliyetoka kusini mwa Ujerumani.

Sheria nayo ililitambua jina la baba tu. Mwaka aliozaliwa, Ujerumani Magharibi bado ilikuwa na kanuni kwamba mtoto wa ndoa hufuata uraia wa baba. Mama Mjerumani aliyeolewa na mgeni kwa kawaida hakuweza kumrithisha mwanawe uraia wake. Kanuni hiyo ilibadilishwa kuanzia mwaka 1975. Naitaja kwa sababu watu hupenda kusema "nusu Mjerumani, nusu Mwirani" kama vile nusu hizo hupimwa kwenye mizani na kutoka sawasawa. Dola haikupima hivyo.

Alisoma shule ya Kijerumani mjini Tehran. Mapinduzi yalipowaka, yale yaliyomwondoa Shah Januari 1979 na kumrejesha Khomeini tarehe 1 Februari mwaka huohuo, familia ikahamia Ujerumani, ikakaa Planegg karibu na Munich. Jasmin alikuwa na miaka 11 hivi, umri ambao mtoto ameshaota mizizi ya lugha lakini hajaulizwa anataka kwenda wapi. Miaka mingi baadaye aliandika kitabu kuhusu familia hiyo iliyogawanyika kati ya Uajemi na Ujerumani. Kilitoka mwaka 2010. Baada ya shule alijiunga na chuo cha muziki na sanaa za maonyesho cha Stuttgart, akasomea uigizaji. Mji huo wa Stuttgart tuuweke akilini, maana tutaurudia kwa njia ya kabichi.

Uhusika wake mkubwa wa kwanza katika filamu ulikuwa Jana Kessel, katika Kinder der Landstrasse ya mwongozaji Urs Egger, mwaka 1992. Si mhusika wa Kiirani hata kidogo. Jana ni binti wa Wayenishi, jamii ya Uswisi iliyoishi kwa kuhamahama na magari yake. Filamu inatokana na mambo ya kweli: tangu 1926 hadi 1973, shirika la hisani la Uswisi lililohusika na watoto liliendesha mpango wa kuwachukua watoto wa Kiyenishi kutoka kwa wazazi wao na kuwatawanya katika nyumba za malezi, vituo vya yatima na hata hospitali za wagonjwa wa akili. Watoto wapatao 600 walichukuliwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwafanya watu wa kukaa mahali pamoja. Njia iliyotumika ilikuwa kumkata mtoto na jina la kwao. Mwaka 1986 rais wa Uswisi aliomba radhi kwa fedha ambazo serikali kuu ilitoa kugharimia mpango huo.

Sidhani mtu yeyote alikaa chini akapanga kwamba msichana aliyeihama Tehran aanze kazi kwa kuigiza msichana aliyenyang'anywa ukoo wake. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ina uzito wake. Watu wa filamu wa kwetu husema "kuvaa uhusika", na msemo huo unakaa vizuri hapa kuliko popote: tangu siku ya kwanza alivaa vazi la mtu aliyepokonywa lake.

Kisha ikaja Bandits, 1997, ya Katja von Garnier. Wanawake wanne wafungwa wanaunda bendi gerezani, wanapata nafasi ya kupiga kwenye sherehe ya polisi, wanatoroka njiani, na kadiri wanavyosakwa ndivyo nyimbo zao zinavyopendwa na nchi nzima. Katja Riemann alishika ngoma, Nicolette Krebitz gitaa la besi, Jutta Hoffmann kinanda, na Tabatabai akawa Luna, mpiga gitaa na mwimbaji mwenye hasira ya karibu. Waigizaji waliimba wenyewe, na Tabatabai alizitunga baadhi ya nyimbo. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwa na bendi yake ya wanawake mjini Berlin iliyopiga muziki wa kantri, kwa hiyo gitaa hakukabidhiwa kama pambo. Albamu ya filamu iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya nakala, jambo ambalo muziki wa filamu ya Kijerumani haukuwa umelizoea.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Luna ni jina tu, mwezi kwa lugha nyingine, lisilo na pasipoti. Hakuna anayemuuliza Luna katoka wapi. Katika miaka ile, mwigizaji mwenye nywele nyeusi na jina la mashariki katika televisheni ya Ujerumani alijua fungu lake: dada wa mhalifu, mke aliyefungiwa, msichana anayekimbia kuozwa, mfanya usafi asiye na mistari miwili ya kusema. Tabatabai aliingia kwa mlango mwingine kwa sababu alikuwa na ufunguo wake mwenyewe, yaani muziki. Mtunzi huwezi kumwambia asimame nyuma wakati wimbo ni wake. Mwaka 2000, katika Gripsholm ya Xavier Koller, alikuwa tena mwimbaji, Billie Sunshine, mwanamke wa majukwaa ya burudani ya zamani za kabla ya vita. Nalo ni jina la jukwaani, lisiloulizwa asili.

Jana, Luna, Billie. Miaka minane, na hakuna hata Mwirani mmoja katika wahusika hao watatu. Kuna atakayesema alikuwa anajificha. Mimi naona alikuwa anajenga nyumba kwanza ili mgeni akija awe na pa kukaa. Kama Fariba angetangulia, mwaka 1992, wenye kupanga waigizaji wangempa Fariba mwingine mwaka uliofuata, na mwingine tena, hadi uhusika huo ugeuke chumba kisicho na dirisha. Alipompokea Fariba mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 38 au karibu yake, watazamaji walikuwa wameshamjua. Walikwenda kumtazama Tabatabai akiigiza mkimbizi. Hawakwenda kumtazama mkimbizi.

Sasa turudi ndani ya ndege.

Fariba anafika uwanja wa ndege wa Frankfurt na kuomba hifadhi. Tangu mwaka 1993 Ujerumani ilikuwa na utaratibu maalumu wa viwanja vya ndege: anayetua bila hati halali huzuiliwa palepale, na uamuzi wa kwanza hutakiwa kutoka ndani ya siku mbili. Mwanamke aliyefundishwa na maisha kwamba kulitamka pendo lake ni hatari ya mwili anaombwa alitamke mbele ya afisa asiyemjua, kwa haraka. Sheria ya Iran iliweka viboko 100 kwa mapenzi ya wanawake wawili, na kifo kwa anayetiwa hatiani mara ya nne. Fariba hatoi sababu yake ya kweli, na ombi linakataliwa.

Katika kizuizi hichohicho yupo kijana Mwirani, Siamak Mustafai, mkimbizi wa siasa, anayeigizwa na Navid Akhavan. Siamak anajiua. Kibali chake cha kukaa kwa muda kinabaki. Fariba anakichukua, anakata nywele, anavaa miwani na nguo zake, anatoka kama mwanamume.

Najua wapo wanaoona tukio hilo limekuja kwa urahisi mno, na nakubaliana nao. Kifo cha Siamak kinafika saa ileile muswada wa filamu unapokihitaji. Watu wa mkoani nao, hasa wanaume wa kiwandani, wamechorwa kwa brashi nene. Lakini kasoro hizi hazimwangushi mwigizaji, na nitaeleza kwa nini.

Siamak wa pili anapelekwa makazi ya wakimbizi katika Swabia, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kwa kanuni za wakati huo mwombaji hifadhi hakuruhusiwa kutoka wilaya aliyopangiwa bila kibali, kwa hiyo kijiji kinakuwa jela isiyo na ukuta. Anapata kazi isiyo rasmi katika kiwanda cha kabichi ya kuchachua. Tambarare iliyo kusini mwa Stuttgart ni maarufu kwa kabichi, na Stuttgart ndiko Tabatabai alikosomea. Yaani mwongozaji alimrudisha mwigizaji wake kwenye udongo aliowahi kuishi kama mwanafunzi mwenye haki zote, safari hii kama mtu asiye na hata ruhusa ya kupanda basi la wilaya ya pili. Kiwandani anakutana na Anne, anayeigizwa na Anneke Kim Sarnau, na Anne anampenda huyu mwanamume mpole, mkimya, asiyefanana na wale anaowajua.

Tazama mwili wa Tabatabai katika sehemu hii. Waigizaji wengi wa kike wakiigiza mwanamume hutanua mabega, huketi wakiwa wameachanisha magoti, hukaza sauti iwe nzito. Yeye anafanya kinyume: anapunguza. Mikono inakaa karibu na mwili, macho yanatangulia kuona mlango uko wapi, sauti inashushwa kwa kusema machache. Haigizi mwanamume. Anaigiza mwanamke anayeogopa kugunduliwa, na hofu hiyo ndiyo inayofanana na ukimya wa kiume machoni pa wenyeji. Kamera ya Judith Kaufmann, ambaye pia aliandika muswada pamoja na mwongozaji Angelina Maccarone, inamkaribia usoni na kukaa. Pale ambapo hadithi imerahisisha, uso unakataa kurahisishwa. Ndiyo maana nikasema kasoro hazimwangushi.

Kuna jambo la lugha ambalo nadhani sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kulionja vizuri kuliko watazamaji wa Berlin. Kijerumani kinamlazimisha kila msemaji kuchagua: mwanamume ana kiwakilishi chake, mwanamke ana chake. Kila mtu anayemzungumzia Siamak kiwandani anampitisha getini upya bila kujua. Kiajemi hakina geti hilo. Kina neno moja tu kwa mtu yeyote, kama yetu ilivyo "yeye", na kitenzi hakisemi jinsia, kama "alikwenda" yetu isivyosema. Ndiyo maana nimeweza kukusimulia alikata nywele, akavaa miwani, akatoka, bila kulazimika kuchagua wakati gani niache kumwita hivi nianze kumwita vile.

Na Fariba ni mfasiri. Lugha ndiyo iliyokuwa kazi yake. Usiku anawaandikia barua wazazi wa Siamak huko Iran, kwa jina la mtoto wao, ili waamini yu hai. Katika Kijerumani cha mchana kila sentensi ni hatari. Katika Kiajemi cha usiku sarufi inamsitiri kabisa, hakuna neno litakalomsaliti. Lakini hapo ndipo uongo wake ulipo mzito zaidi, kwa sababu anawasitiria wazazi msiba wao wenyewe. Barua hizo ndizo zinazoniumiza kuliko kipigo, kuliko polisi. Mtu anayelia peke yake huku anaandika "mimi sijambo" kwa mkono wa marehemu.

Kwa Tabatabai hesabu ya lugha ilikuwa na upande mwingine. Kijerumani ni lugha ya mama yake, ilhali Fariba alijifunza ukubwani; ilimbidi akiseme kama kitu cha kuazima. Kiajemi ni lugha ya baba yake, ambayo aliihama akiwa mtoto. Ilimbidi akiseme kama mtu ambaye hajawahi kuondoka. Katika lugha zote mbili alivaa ngozi isiyo yake kamili, na kichwa cha filamu kikawa kinamhusu mwigizaji kama kinavyomhusu mhusika.

Siri inafichuka kwa ukatili, polisi wanafika, Fariba anarudishwa. Ujerumani haimwokoi. Hilo ni jambo ninaloliheshimu mno katika muswada huu, kwa sababu filamu nyingi za Ulaya kuhusu wanawake wa Iran hupenda kumaliza kwa mlango wa Ulaya kufunguka. Hapa mlango uliofungwa kwanza ndio unaofungwa mwisho. Ndani ya ndege ya kurudi, Fariba anaingia chooni, na mle anakuwa Siamak tena. Atashuka Tehran akiwa mwanamume aliyekufa, mwenye kesi za siasa. Mtazamaji anabaki na hesabu mbaya ya kupiga: lipi kati ya majina hayo mawili litamtesa kidogo?

Miaka miwili baada ya hapo, 2007, Tabatabai alitoa albamu aliyoiita I Ran. Ukiyaweka maneno hayo pamoja ni jina la nchi. Ukiyatenga, ni Kiingereza cha "nilikimbia". Sikumbuki kichwa kingine cha albamu kilichobeba maisha ya mtu kwa herufi nne. Baadaye muziki ukampeleka upande wa jazi na nyimbo za jukwaani za Kijerumani: Eine Frau ya 2011, aliyofanya na mwanamuziki wa Uswisi David Klein, ilimpatia tuzo ya Echo Jazz ya mwimbaji wa kike mwaka 2012. Anasimama na okestra, anaimba Kijerumani safi cha enzi za kabla ya vita, na jina la kisharifu liko juu ya bango. Sioni haja ya kulieleza zaidi.

Ili kuona kwamba njia yake haikuwa ya kawaida, watazame waliomfuata. Pegah Ferydoni, mzaliwa wa Tehran, alijulikana Ujerumani nzima katika tamthilia iliyoanza 2006 kwa kuigiza Yağmur Öztürk, msichana wa Kituruki. Aliigiza vizuri sana, kwa ucheshi na staha. Hata hivyo linaonyesha namna kapu lilivyokuwa moja: Mwirani, Mturuki, ni uso uleule wa nywele nyeusi. Narges Rashidi, mzaliwa wa Khorramabad aliyekulia Uturuki na Ujerumani, alipata uhusika mkubwa wa Kiajemi katika Under the Shadow ya mwaka 2016, hadithi ya mama na binti Tehran wakati wa vita na Iraq. Ilipigwa Jordan, na Ujerumani ilikuwa mbali kabisa na kamera hiyo.

Kisha kuna jina jingine. Mwaka 2012 kituo cha ZDF kilianza tamthilia ya polisi Letzte Spur Berlin, inayohusu kikosi cha kutafuta watu waliopotea. Tabatabai akawa mpelelezi Mina Amiri, na akabaki humo kwa zaidi ya miaka kumi, Ijumaa usiku, saa ambayo mamilioni ya Wajerumani wameketi na chakula magotini. Amiri ni jina la Kiajemi. Ni mhusika mwenye damu ya Iran, lakini vipindi vinapita vingi bila hilo kuwa kesi. Ana zamu, ana mafaili, ana mkubwa wake wa kazi Oliver Radek aliyeigizwa na Hans-Werner Meyer. Anakosea, anapatia, anachoka.

Wapo wanaoiona kazi ya tamthilia ya wiki kama kushuka daraja baada ya filamu nzito. Siwaungi mkono. Filamu kama Fremde Haut huonwa na watu waliokwisha kukubali kuiona. Mina Amiri aliingia sebuleni kwa watu ambao wasingenunua tikiti ya Fariba kamwe, na aliingia kwa kubisha hodi kama ofisa. Mwaka 2005 Tabatabai alisimama mbele ya polisi wa Kijerumani akivuliwa jina aliloazima. Kuanzia 2012 ndiye yeye anayesimama kwenye ngazi za jengo fulani la Berlin, kitambulisho mkononi, akimwomba aliyefungua mlango amwambie jina lake.